Fangasi na virusi si watoto wa tumbo moja

Wiki hii nimeletwa hapa na gunia la mahindi.

Jumamosi asubuhi jirani yangu aliniita uani kwake. Tunakaa Sekei, ambako ukiiacha barabara ya lami ukapanda kidogo tu kuelekea mlimani unakuta migomba, mibuni ya wazee na vijishamba vya mahindi vimebanwa katikati ya nyumba za kupangisha. Jirani huyu ni mwalimu mstaafu. Amefundisha shule za msingi kwa miaka mingi, tena somo la Sayansi Kimu, na hata leo akiongea na mtu mzima utadhani ameshika chaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone. Si nyinyi watu wa redio mnajua kila kitu?"

Alikuwa na matatizo mawili. La kwanza lilikuwa nyuma ya nyumba: mahindi yake yaliyofika kifuani yalikuwa yanageuka manjano kuanzia ukingo wa jani kuingia katikati, na mengine yamekauka kiini kabisa, shina bado kijani chini lakini juu limekufa. La pili lilikuwa kibarazani. Mdogo wake alimpelekea gunia kutoka Kiteto, likanyeshewa njiani juu ya lori, likakaa hivyo hivyo limefungwa siku nyingi. Alipolifungua alikuta punje zimeshikana, zimevaa unga wa kijani unaoelekea umanjano.

Mwalimu alikuwa amekwisha kutoa hukumu. Shambani atapuliza dawa ya ukungu, kopo lilikuwa tayari mezani, amelinunua duka la pembejeo. Gunia ataanika juani, atayasugua mahindi mpaka yang'ae, kisha atasaga. "Vijidudu ni vijidudu," alisema. "Nimefundisha watoto miaka yote hiyo: kuchemsha kunaua vijidudu. Ugali unatokota jikoni, kijidudu gani kitapona humo?"

Sasa hapa ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Mwalimu hakukosea aliposema kuchemsha kunaua. Alikosea kwa kuweka fangasi na virusi katika kapu moja, na kosa hilo tunalo wengi, wenye vyeti na wasio navyo. Neno letu "vijidudu" ni blanketi kubwa mno. Chini yake wamelala viumbe ambao hawana undugu wowote, hawaishi namna moja, wala hawafi namna moja.

Tuanze na fangasi, ambaye wakulima humwita ukungu na vitabu vya shule humwita kuvu. Watu wa mjini tukilisikia jina hilo tunafikiria muwasho wa vidole vya miguu. Lakini uyoga ni fangasi. Hamira inayoumua andazi ni fangasi. Mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi ya ndugu zetu Wachaga na Wameru, haiwi mbege mpaka fangasi wadogo wa jamii ya hamira wale sukari ya ndizi na kutoa kilevi na hewa inayotoa povu. Mnywaji anajisifu kwa kazi ya fangasi bila kujua.

Zamani fangasi walipangwa pamoja na mimea, kwa sababu wanaota mahali pamoja na hawatembei. Mwaka 1969 mwanasayansi wa Marekani, Robert Whittaker, alipendekeza wapewe himaya yao wenyewe, kando ya mimea na wanyama. Tena utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba fangasi yuko karibu zaidi na mnyama kuliko mmea. Naam, uyoga ule ni jamaa yako wa karibu kuliko mchicha ulio kando yake kwenye sahani. Hatengenezi chakula kwa mwanga wa jua kama jani linavyofanya. Na ukuta wa seli yake umeimarishwa kwa kitu kile kile kinachofanya ganda la panzi liwe gumu.

Basi anakulaje, naye hana mdomo? Sisi humeza kwanza, kisha tukasaga tumboni. Fangasi hufanya kinyume: husaga nje, kisha hunywa. Hutambaza nyuzi nyembamba ndani ya chakula chake, iwe gogo, mkate au punje ya hindi, akamwaga kemikali za kukiyeyusha, halafu akafyonza kilichoyeyuka. Shika hilo la kumwaga kemikali, tutalirudia kwenye gunia.

Kwa ulaji wa namna hiyo fangasi ndiye mfagizi wa dunia. Panda msitu wa Mlima Meru utazame gogo lililoanguka: wachache mno wanaoweza kuuvunja ule ugumu wa mbao, na fangasi ndio mafundi wakuu wa kazi hiyo. Pasipo wao majani na magogo yangerundikana, na virutubisho vilivyomo visingerudi ardhini. Mchwa nao walikwisha kugundua ufundi huo kabla yetu. Ndani ya kichuguu kuna aina za mchwa wanaolima bustani ya fangasi, wanamlisha majani makavu na vipande vya miti, kisha wanakula wao kilicholainishwa. Uyoga mkubwa mtamu unaochomoza kwenye kichuguu baada ya mvua ni maua ya shamba la mchwa, kama naruhusiwa kuyaita maua.

Na kuna fangasi wa mizizini. Hufungamana na mizizi ya mti, huuletea mti maji na madini kutoka mbali, nao mti humlipa sukari. Miti ya paini unayoiona katika mashamba ya serikali upande wa Meru na Usa si wenyeji wa Afrika. Katika nchi kadhaa za bara hili, miche ya kwanza ya paini ilidumaa na kufa hadi ulipoletwa udongo wenye fangasi wake. Mti ulikuwa mgeni aliyesahau mpishi wake nyumbani.

Bila shaka wapo walio maadui. Kutu ya majani ya kahawa, ile poda ya rangi ya chungwa chini ya jani, ni fangasi. Ilielezwa kisayansi mwaka 1869 huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na katika miaka iliyofuata iliangamiza kahawa ya kisiwa kile mpaka wakulima wakahamia chai. Chulebuni, inayooza punje changa za kahawa zingali za kijani, nayo ni fangasi. Ilitambuliwa kwanza Kenya mwaka 1922. Mkulima wa Meru na Kilimanjaro ametumia fedha nyingi kununua dawa za kupambana na hao wawili, na taasisi ya utafiti wa kahawa ya Lyamungu, TaCRI, iliyoanza mwaka 2001, imetoa miche chotara inayowastahimili. Dawa zinafanya kazi kwa sababu fangasi ni kiumbe hai mwenye ukuta wa seli, mwenye kula na kupumua. Ukimwaga kitu chenye madini ya shaba juu ya jani, mbegu zake zikitua hapo hufa kabla hazijaota.

Virusi ni habari nyingine kabisa.

Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichukua utomvu wa tumbaku iliyougua mabaka, akauchuja katika chujio la kauri lenye matundu madogo yasiyopitisha bakteria. Utomvu uliochujika bado uliambukiza. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alirudia jaribio hilo, akasema hapa kuna kitu ambacho si bakteria, na kinachozaana ndani ya mmea ulio hai tu. Akakiita virusi, neno la Kilatini lenye maana ya sumu. Hakuna aliyekiona kwa macho mpaka mwaka 1939, kwa hadubini ya elektroni.

Walichokiona ni kitu kisicho na chochote ndani isipokuwa maagizo. Kirusi ni kipande cha jeni kilichofungwa katika kifuko cha protini, basi. Vingine huongeza utando wa mafuta juu yake. Hakina mdomo wala tumbo, hakipumui, hakikui. Nje ya seli kimelala kama barua isiyofunguliwa. Kikiingia ndani ya seli, barua husomwa, na seli yenye mitambo, nguvu na malighafi huacha kazi yake ikaanza kuchapa nakala za barua ile mpaka inachoka au inapasuka. Ndiyo maana wasomi hawajamaliza ubishi iwapo kirusi ni kiumbe hai. Mimi ubishi huo haunikoseshi usingizi. La muhimu kwa mwenye shamba ni hili: kwa kuwa kirusi hakili na hakina seli yake, dawa ya ukungu haina pa kukishika.

Na udogo wake! Chembe moja ya hamira huwa na upana wa elfu tano hivi za milioni moja ya milimita. Kirusi kimoja katika vile vinavyougua mahindi kina kama 30 tu kwa kipimo hicho hicho. Utavipanga zaidi ya 150 mstari mmoja kuivuka hamira moja.

Nimesema "vinavyougua mahindi" kwa sababu yale niliyoyaona nyuma ya nyumba ya mwalimu yalifanana sana na ugonjwa ambao wataalamu huuita kwa herufi MLN. Ulionekana Bomet, Kenya, mwaka 2011, na mwaka uliofuata ulikuwa umevuka mpaka kuingia Kanda ya Ziwa na mkoa wetu wa Arusha. Unasababishwa na virusi viwili vikishirikiana: kimoja cha madoa ya manjano ya mahindi, kilichofahamika kwanza Peru miaka ya 1970, na kingine cha kundi la virusi vya miwa. Kila kimoja peke yake hudhoofisha mmea. Vikikutana ndani ya shina moja, hindi hufa limesimama, au huzaa gunzi lenye punje za kuhesabu. Husambazwa na wadudu wadogo sana wanaofyonza na kutafuna majani, na pengine kwa mbegu. Kenya ilifunguliwa kituo maalumu Naivasha mwaka 2013 cha kuchuja aina za mahindi zinazostahimili.

Dawa yake? Hakuna ya kupuliza. Unang'oa miche iliyougua, unanunua mbegu iliyothibitishwa, na msimu unaofuata humrudishi hindi mahali pale. Unaweka maharage, viazi, mboga, chochote kisicho jamii ya nafaka, ili virusi vikose seli za kukaa. Aidha usikubali uchunguzi wa macho yangu wala wa muuza duka. Majani ya manjano yaweza kuwa ni njaa ya mbolea tu. Peleka jani kwa bwana shamba, au kwa watafiti wa TARI Selian, au kwa mamlaka ya TPHPA iliyoirithi ile TPRI ya Ngaramtoni.

Nisionekane kama ninavisema virusi kwa mabaya tu. Vimejenga dunia hii kuliko tunavyofikiri. Hapa Arusha tunaishi kwa watalii, na watalii wanakuja kuona nyumbu wa Serengeti. Je, unajua kwamba wingi wa nyumbu hao ulishikiliwa na kirusi kwa miongo kadhaa? Ni kirusi cha sotoka. Kilifika pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe wa kigeni, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1890 kilikuwa kimemaliza mifugo ya Wamasai na nyati wa porini. Njaa iliyofuata iliua watu wengi mno. Baadaye ng'ombe wakachanjwa. Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, walitengeneza chanjo bora, na ng'ombe walipokingwa, sotoka ikatoweka kwa nyumbu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama robo milioni; kufikia mwaka 1977 walizidi milioni moja na robo. Nyasi zikaliwa, moto wa mbuga ukapungua, miti ikaongezeka, simba wakashiba. Kitu kisichoonekana kilipoondoka, mbuga nzima ilibadili sura. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Nduguye anayetusumbua sisi, surua, bado yuko.

Baharini nako virusi huua kila siku sehemu kubwa ya bakteria, na mabaki yao huwa chakula cha wengine. Na ndani ya miili yetu, asilimia 8 hivi ya maandishi ya jeni ni mabaki ya virusi vilivyowaingia mababu wa mababu zetu. Protini moja inayounganisha seli za kondo la nyuma, linalomlisha mtoto tumboni, imetokana na jeni ya kirusi cha kale. Kila aliyezaliwa na mama ana deni hapo.

Mpaka hapo mwalimu alikuwa ananisikiliza kwa subira ya mtu anayesahihisha daftari. "Sawa," akasema, "dawa ya shambani nimepoteza hela. Lakini gunia? Umesema mwenyewe fangasi ni kiumbe hai. Kiumbe hai akichemshwa hufa."

Hufa, mama. Ila alichokimwaga hakifi, kwa sababu hakikuwa hai.

Rangi ile ya kijani na manjano yaweza kuwa ya fangasi aitwaye Aspergillus flavus. Akila punje, hasa yenye unyevu katika joto, hutoa kemikali ambayo siku hizi wataalamu wetu wanaiita sumukuvu. Ilijulikana kwa njia ya ajabu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa bila sababu kujulikana, mpaka ikagundulika walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Sumu ile inastahimili moto wa kawaida wa jikoni. Ugali unatokota karibu na joto la nyuzi 100. Sumukuvu inahitaji zaidi ya nyuzi 200 ndipo ianze kuvunjika. Ukisugua punje unaondoa vumbi la juu, kilichoingia ndani kinabaki. Haina ladha ya kukuonya, na punje nyingine inayo bila hata dalili ya ukungu.

Mwaka 2004 mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi ya namna hii. Kwetu ilitokea mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: familia zilianza kuugua matumbo, kutapika, macho kuwa manjano, na kwanza ilidhaniwa ni ugonjwa wa ajabu. Zaidi ya watu 60 waliugua, takriban 20 wakafariki, watoto wakiwamo. Kiteto iko Manyara. Nilipolitaja hilo mwalimu aliliangalia gunia kwa jicho jingine.

Hao ni waliokula nyingi kwa mkupuo. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka huliweka ini lake katika hatari ya saratani, na hatari hiyo huongezeka maradufu na zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Tazama jinsi wanavyokutana hawa wasio ndugu. Katika UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, kirusi huvunja askari wa mwili, kisha anayeingia kumaliza kazi mara nyingi ni fangasi: utando mweupe mdomoni, au ule unaoshambulia utando wa ubongo. Hata shambani ni hivyo. Gunzi lililodhoofishwa na virusi, lililokauka kabla ya wakati, ni rahisi kwa ukungu kuingia.

"Basi nitawapa kuku," akasema.

Hapana. Kuku wanadhurika, na ng'ombe wa maziwa akiyala sumu hupita kwenye maziwa yake.

Kinga ya sumukuvu iko kabla ya ukungu. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13 na nusu. Asiye na kipimo achukue chupa kavu, atie punje na chumvi kavu kidogo, atikise dakika chache, aache zitulie. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Kisha yachambuliwe, yaliyovunjika na yenye rangi yatolewe, yawekwe juu ya chaga mahali pakavu. Na msafirishaji afunike mzigo wake! Turubai la lori si pambo.

Mwalimu alikaa kimya kitambo. Gunia la mahindi kwa mwenye pensheni si jambo dogo, na sikuwa na maneno ya kumfuta machozi. Jioni kijana wake alichimba shimo pembeni ya shamba, mbali na kisima, wakafukia. Wiki hii nimeona ameng'oa mahindi yote nyuma ya nyumba na kupanda maharage. Kopo la dawa liko bado kibarazani. Duka limekataa kulirudisha. Anasema halitapotea, maana ana mibuni mitano iliyobaki ya marehemu mumewe na majani yake yana ile poda ya rangi ya chungwa chini. Nilisoma karatasi ya kopo: madini ya shaba. Nikamwambia avae glovu na kufunika pua.